Mzamiaji, Nahodha na Hesabu ya Safari

Mtaani, mzamiaji ni yule anayeingia harusini bila kadi, au kijana aliyejificha melini akaenda Ulaya bila tiketi. Hapa Kizota, ambako bahari ni habari ya kusimuliwa, maana hizo zinatutosha. Lakini neno lina maana yake ya asili: mtu anayezama majini akarudi juu. Na historia ya mtu huyo inatugusa sisi wa bara kuliko tunavyodhani.

Karne ya 19, misafara ya Tabora na Ujiji ilipita Ugogo ikielekea Bagamoyo. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, na hapo hongo ilikuwa ushuru wa njia na maji, siyo rushwa. Pamoja na pembe za ndovu walipita watu waliokuwa wakiuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, ila magendo yaliendelea, na majahazi yakaendelea kupeleka watu Oman na Ghuba. Kule kulikuwa na kazi mbili kubwa zinazotaka mikono: tende na lulu. Ndivyo watu waliozaliwa mbali na maji ya chumvi walivyojikuta wanazamia lulu.

Msimu ulikuwa wa miezi ya joto. Mzamiaji alibana pua kwa kibano, akakanyaga jiwe lililofungwa kamba, akashuka na kikapu. Baada ya dakika moja hivi alitikisa kamba, mwenzake akamvuta. Akapumua kidogo, akashuka tena, mara kadhaa wa kadhaa kwa siku. Masikio yalipasuka, macho yakavimba. Nahodha, ambaye Waarabu wa Ghuba wanamwita kwa neno hilohilo, aliweka hesabu ya lulu na ya madeni. Hesabu ya kushuka na kupanda haikuwa na daftari.

Yule wa lulu alishuka na pumzi moja tu. Anayevuta hewa ya mtungi ana hatari zaidi, kwa sababu naitrojeni inaendelea kujipenyeza mwilini muda wote akiwa chini. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza kinachofuata: ukipanda haraka, gesi hiyo inatoka kwenye damu kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla. Mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake wa Uingereza walichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo, baada ya majaribio mengi waliyofanya kwa mbuzi. Mbuzi aliyeanza kuinua mguu mmoja kwa maumivu alikuwa jibu tosha.

Sasa fikiria mtu anayepanda na kushuka mara nyingi katika mzamo mmoja. Kutoka mita 10 hadi juu, shinikizo linapungua nusu nzima. Kutoka mita 30 hadi 20, ni robo tu. Kwa hiyo kila akija juu anapita sehemu mbaya kuliko zote. Mapovu madogo kwa kawaida huchujwa na mapafu. Akishuka tena yanabanwa, yanaweza kupenya chujio hilo na kuingia kwenye ateri. Akipanda tena yanavimba yakiwa tayari njiani kuelekea ubongo au uti wa mgongo. Mtu anaweza kuganda miguu bila kuwahi kufika kina cha kutisha.

Ndiyo maana wakufunzi husisitiza: anza na kina kirefu, panda polepole, isizidi mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika tatu, na usirudi chini kwa sababu umesahau kitu.

Tatizo ni kwamba anayesahau kitu ni mtalii. Kijana wa Unguja anayezamia majongoo bahari kwa mtungi anarudi chini kwa sababu kikapu hakijajaa. Majongoo ya maji mafupi yameshaokotwa, hivyo anafuata yaliyobaki kinani, naye analipwa kwa alichokileta juu. Mwenye boti akitaka awe salama, aanze na malipo: wapangiwe idadi ya mizamo kwa siku, na idadi hiyo iandikwe daftarini kabla ya kilo. Daftari la nahodha wa lulu halikuwa na safu hiyo. La leo halina sababu ya kuikosa.