Nyuso za Aruwimi Zisizo na Majina

Habari za Stanley na Tippu Tip twazijua sote. Lakini ni wachache wamjuao Herbert Ward, Mwingereza aliyewachora wazee wa mito yetu.

Alizaliwa London mwaka 1863, akaja Kongo mwaka 1884. Mwezi wa Agosti 1887 alifika kambi ya Yambuya, kaskazini-magharibi ya Kisangani, penye maporomoko ya Mto Aruwimi. Stanley alikuwa ametangulia, akiwaacha wenzake nyuma wangoje wapagazi wa Tippu Tip. Wapagazi walikawia, na watu wengi wa kambi wakafa kwa njaa na maradhi.

Katika miaka yake ya Kongo Ward alichora nyuso, nywele na chanjo za watu. Mwaka 1890 alitoa kitabu chenye picha zake, lakini katika jina la kitabu hicho aliwaita watu wa Kongo wala-watu. Hivyo msomaji wa Ulaya alitiwa hofu kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Baadaye alikaa Paris, akachonga sanamu za shaba nyeusi. Humo twaona jambo jingine: watu wenye heshima na fikira, wenye huzuni na ushujaa. Sanamu moja, ya mwaka 1910, ni ya mtu aliyeketi akichora ardhini. Aliiita Mchoraji wa Kongo. Ndiyo kusema, mchoraji mgeni alimtambua mchoraji mwenyeji.

Hata hivyo, majina yako wapi? Sanamu moja ya kichwa yaitwa tu Mfano wa Mtu wa Aruwimi. Nyingine ni Mganga, nyingine Mwasha Moto. Lakini watu aliowaona Ward mtoni walikuwa na majina waliyopewa na wazazi wao, na jirani waliwaita kwa majina hayo.

Ward alifariki mwaka 1919. Mwaka 1921 mjane wake alizitoa sanamu hizo, pamoja na maelfu ya vitu vya Kongo, kwa Taasisi ya Smithsonian huko Washington. Nyuso zilivuka bahari, majina hayakuvuka.

Basi, sisi tulio na picha za wazee sandukuni, tusingoje mgeni. Tugeuze picha, tuandike nyuma yake jina, kijiji na mwaka, maadamu wangali hai wanaokumbuka.