Bayodizeli ya nyumbani: Namna ya kuondoa maji kabla hayajaua injini

DIZELI itokanayo na mimea yaweza kuonekana safi kama chai ya rangi pale Mbamba Bay saa nane mchana, na kesho yake alfajiri ikafunguliwa mjini Mbinga ikiwa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele.

Hakuna aliyeichezea njiani. Imepoa tu. Kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulio takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, hadi Mbinga, kwenye nyanda zinazozidi mita 1,000, ni safari ya kilomita 66, na hewa hubadilika kutoka joto la ziwani hadi baridi ya milima ya Wamatengo. Maji yaliyokuwa yameyeyuka ndani ya mafuta ya moto hukosa nafasi mafuta yanapopoa, yakajitenga kwa vitone vidogo mno. Huo ndio ukungu, na ndio unaoua pampu na nozeli za injini.

Habari za nishati mimea si ngeni nchini. Katika miaka ya 2000 mbono kaburi, mti uliozoeleka vijijini kama ua wa boma, ulipata sifa kubwa. Kampuni ya Diligent ilinunua mbegu zake kutoka kwa wakulima wa kaskazini, na shirika la TaTEDO likafunga Engaruka, wilayani Monduli, injini iliyotumia mafuta ya mti huo. Mradi mkubwa wa Sun Biofuels wilayani Kisarawe, uliochukua zaidi ya hekta 8,000, ulisimama mwaka 2011. Serikali ilikwisha kutoa mwongozo wa nishati mimea mwaka 2010, wakati wimbi likianza kupungua.

Mbinga nayo iliijua dizeli kwa karibu, kwani hadi mwaka 2018, gridi ya Taifa ilipofika mkoani Ruvuma kupitia njia ya Makambako hadi Songea, sehemu ya umeme wake ilitoka kwenye jenereta. Zipo bado mashine za kusaga na pampu zinazotumia dizeli, na mwenye mashine mbali na kituo cha mafuta ana sababu ya kufikiria kujitengenezea.

Utengenezaji wenyewe ni kuchanganya mafuta ya alizeti, ya mbono au yaliyokwisha kukaangia, na methanoli pamoja na kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Gliserini hushuka chini, bayodizeli hubaki juu. Kisha huoshwa kwa maji ili kuondoa sabuni na mabaki ya kemikali, na hapo ndipo maji yanapoingia kwa wingi.

Kiasi kinachoruhusiwa ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, hakikubali zaidi ya miligramu 500 za maji kwa kilo moja ya bayodizeli. Katika pipa la lita 200, hayo ni maji ya kama kikombe kimoja kidogo cha kahawa. Tatizo ni kwamba bayodizeli yaweza kuficha mara mbili au tatu ya kiasi hicho na bado ikang'aa. Kwa hiyo jicho peke yake si shahidi wa kutosha.

Maji hayo yakibaki, chuma hushika kutu, na vijidudu huota mahali mafuta na maji yanapokutana, vikaacha utelezi mweusi unaoziba chujio. Aidha, bayodizeli yenyewe hurudi nyuma taratibu na kuwa asidi.

Hatua ya kwanza ni subira. Baada ya kuosha, yaache mafuta yatulie siku mbili au tatu, kisha fungua bomba la chini utoe maji yaliyoshuka. Mwenye haraka hapa atalipa kwa kuni baadaye, maana kukausha kwa moto maji ambayo yangeshuka yenyewe ni hasara tupu.

Yanayobaki yamo ndani ya mafuta, na hayo hutolewa kwa joto na hewa. Pasha mafuta hadi nyuzi 50 au 60 za Selsiasi, kisha yazungushe kwa pampu ndogo, yakitolewa chini na kunyunyizwa juu, hewa ikipita. Asiye na pampu atandaze mafuta kwa kina cha sentimeta chache katika masinia mapana juani, yakifunikwa kitambaa chepesi. Ufukweni njia hii hufaa zaidi kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Masika hewa imejaa unyevu, na mafuta yatanywa kutoka hewani kile unachojaribu kukitoa. Hata kiangazi usiyaache juani kwa siku nyingi, hasa ya alizeti, ambayo huharibika upesi yakikutana na hewa.

Moto wa kuni chini ya pipa haufai. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65, mvuke wake huwaka kwa urahisi na hupofusha. Kazi yote ifanyike nje, mbali na jiko na watoto. Wengine huchuja kwa chumvi kavu. Chumvi hunyonya maji huru, lakini chembe zake zikifuata mafuta hadi kwenye pampu, umebadilisha adui tu.

Kupima ni rahisi. Acha sampuli ndani ya chupa ipoe usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi weka gazeti nyuma yake: herufi zikisomeka vizuri, ni dalili njema. Lakini mafuta mengi ya kukaangia ya dukani ni ya mawese, na bayodizeli yake huganda kidogo kwa baridi ya Juni huko Mbinga hata ikiwa kavu. Ili kutofautisha, dondosha matone machache kwenye kikaango cha moto. Yakitatarika, ni maji. Yakitulia kimya, ni mgando wa kawaida, utakaokwisha jua likipanda. Ukungu wa mgando nao huziba chujio, basi usiwashe injini kabla haujayeyuka.

Baada ya hapo jaza mapipa hadi juu, maana nafasi tupu ni hewa yenye unyevu. Yalaze ubavu kivulini, juu ya magogo, ili mvua isituame kwenye kifuniko. Lita chache za chini zisiingie kwenye mashine. Zirudishwe zikaushwe pamoja na mkupuo unaofuata.