Rafiki wa Simu na Biashara Isiyokuwepo



Hapa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, sote tunaijua likelemba. Watu kumi wanatoa fedha kila mwezi, mmoja anachukua, mwezi ujao anachukua mwingine. Haina hati wala mahakama. Dhamana yake ni kwamba tunajuana, na nyumba ya kila mmoja inajulikana. Dhamana hiyo ndiyo matapeli wanayoitafuta tangu zamani.

Mwaka 1920 mjini Boston, Marekani, mhamiaji wa Kiitalia aitwaye Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45. Alidai anafanya biashara ya kuponi za posta. Kumbe waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata! Waliompa fedha ni pamoja na Waitalia wenzake wengi, kwani aliyelipwa alikwenda kumwita ndugu yake. Ponzi alikamatwa Agosti mwaka huo huo.

Kwetu Afrika Mashariki nako yamepita. Nchini Kenya, kamati ya serikali iliripoti mwaka 2009 kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza shilingi zaidi ya bilioni 8 katika miradi ya aina hiyo. Mwaka huo huo serikali ya Tanzania iliisimamisha DECI, iliyoendeshwa na wachungaji, ambamo watu "walipanda" fedha wakingoja "kuvuna". (Tusiwacheke jirani zetu. Salamu tunayopeana sisi inaweza kutumiwa vivyo hivyo.) Kisha ikaja OneCoin, iliyoanzishwa na Ruja Ignatova mwaka 2014 na kufika hadi vijijini Uganda. Iliitwa sarafu ya mtandaoni, ila sarafu yenyewe haikuwepo. Mama huyo alitoweka mwaka 2017 na hajaonekana. Hapa Burundi, Benki ya Jamhuri ilipiga marufuku biashara ya sarafu hizo mwaka 2019, baada ya waliopoteza fedha kwenda kuiomba serikali msaada.

Katika visa hivyo vyote tapeli aliingia kupitia mtu unayemjua kweli. Utapeli wa sasa unamtengeneza huyo mtu. Wachina waliupa jina lenye maana ya kumnenepesha nguruwe kabla ya kumchinja. Unaanza na ujumbe uliokosea namba, "Samahani, nilidhani wewe ni Fatuma." Unajibu kwa adabu. Kwa wiki kadhaa unaulizwa umelalaje, mtoto amepona homa, mtihani umekwendaje. Fedha haitajwi kabisa. Baadaye rafiki anataja faida aliyoipata, anakuonyesha programu, unaweka kidogo, unaruhusiwa kutoa. Hapo moyo unatulia, na unaweka ada ya shule. Siku ya kutoa nyingi unaambiwa ulipe kodi kwanza, kisha ada nyingine, kisha kimya.

Na huyo rafiki ni nani? Agosti 2023 Umoja wa Mataifa ulisema huenda watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 Kambodia walikuwa wameshikiliwa wakilazimishwa kufanya kazi hiyo. Wengi walifuata tangazo la ajira nzuri, aghlabu Thailand, wakanyang'anywa pasipoti. Mapema mwaka 2025 maelfu walitolewa katika kambi za Myawaddy, mpakani mwa Thailand, na miongoni mwao walikuwemo vijana wa Ethiopia, Kenya na Uganda.