Shule Zikifungwa, Vitabu Havifungwi
Historia ya masomo ya likizo katika maktaba za Marekani



Masomo yakiisha mwezi wa saba, watoto wetu huweka madaftari juu ya kabati, na vumbi huanza kuyafunika. Wengine huenda shambani pamoja na wazazi, wengine huchota maji, wengine huzurura tu sokoni. Mwezi wa tisa mwalimu anauliza habari za mwaka uliopita, na darasa zima linatazama chini. Shida hiyo si ya Kongo peke yake. Huko Marekani pia shule hufungwa miezi ya joto, na likizo yao ni ndefu kuliko yetu. Basi leo tusimulie jinsi watu wa kule walivyotafuta dawa ya shida hiyo, na jinsi dawa yenyewe ilivyozuiwa muda mrefu isiwafikie watoto weusi kwa haki.

Maktaba ya watu wote

Zamani mtu aliyetaka kuazima vitabu alipaswa kuingia katika chama na kulipa. Mwaka 1833 mji mdogo wa Peterborough, katika jimbo la New Hampshire, ulikata shauri kutumia fedha ya watu wote kununua vitabu, na kila mkaaji aliweza kuviazima bure. Miji mingine ikafuata. Lakini watoto walisahauliwa. Maktaba nyingi hazikumpokea mtoto kabla hajatimiza miaka kumi na miwili au kumi na minne. Watu wazima walisema: watoto wana kelele, mikono yao ni michafu, watapasua vitabu.

Je, walikosa kabisa? Hapana, kwa maana mtoto asiyefundishwa hupasua kweli. Lakini kumfungia mlango si kumfundisha.

Chama cha mikono safi

Katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, alikuwako bibi mmoja aliyeitwa Linda Eastman, msaidizi wa mkubwa wa maktaba. Mwaka 1897 alianzisha chama cha watoto wasomaji. Mtoto aliyeingia aliahidi kutunza vitabu vizuri na kuwahimiza wenzake kufanya vivyo hivyo. Neno kuu la chama lilitaja mambo matatu: mioyo safi, mikono safi na vitabu safi. Watoto walijiandikisha kwa maelfu. Wale waliodhaniwa kuwa adui wa vitabu wakawa walinzi wao. Tena maktaba ile ilitengeneza orodha za vitabu vyema, mtoto apate kujua achague nini. Waandishi wa historia hutaja kazi hiyo ya Cleveland kati ya mianzo ya masomo ya likizo. Mwaka 1918 Bibi Eastman mwenyewe akawekwa kuwa mkubwa wa maktaba nzima.

Vitabu vinatembea

Lakini mtoto wa fukara anayekaa mbali, nani atamleta? Katika mji wa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, watunza maktaba waliona kwamba kungoja mlangoni hakutoshi. Basi, miaka ya mwisho ya karne ya 19, walianza kupeleka vitabu katika viwanja walimochezea watoto wakati wa joto. Tena walifuata desturi iliyoanza Boston mwaka 1887: sanduku dogo la vitabu liliwekwa katika nyumba ya mzazi mmoja wa mtaa, na watoto wapatao kumi walikusanyika humo. Mara moja kwa juma mgeni wa maktaba alifika kubadilisha vitabu, kusimulia hadithi na kucheza nao. Hivyo mama asiyejua kusoma alikuwa na maktaba nyumbani mwake.

Tuangalie jambo hili vizuri. Waliofaulu hawakutegemea jumba kubwa kwanza. Walikuwa na sanduku, siku iliyojulikana, na mtu aliyeshika ahadi ya kurudi.

Bwana Thomas Blue wa Louisville

Sasa tufike penye uchungu. Katika majimbo ya kusini, ile iliyoitwa maktaba ya watu wote haikuwa ya wote. Watu weusi walilipa kodi kama wengine, lakini mlangoni walifukuzwa. Katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, mwalimu mkuu mweusi Albert Meyzeek aliwasumbukia wanafunzi wake waliokosa vitabu, akawaendea wakubwa wa maktaba kuwadai haki hiyo. Wakubwa hawakukubali kuwachanganya wasomaji, lakini mwaka 1905 walifungua tawi la watu weusi katika vyumba vitatu vya kupanga.

Aliyewekwa kuliongoza ni Thomas Fountain Blue. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani, naye alisoma elimu ya dini katika seminari ya Waprotestanti ya Richmond. Hakupewa parokia ya kuhubiri, alipewa rafu chache za vitabu, na kazi hiyo aliichunga kama mchungaji anavyochunga kundi. Mwaka 1908 tawi likapata jumba lake, lililojengwa kwa fedha ya tajiri Andrew Carnegie.

Humo ndani hamkuwa na vitabu tu. Palikuwa na saa ya hadithi kwa wadogo, vyama vya wavulana na wasichana, na mikutano ya watu wazima waliokosa ukumbi mahali pengine mjini. Mwalimu na mtunga mashairi Joseph Cotter alianzisha mashindano ya kusimulia hadithi, na mtoto mshindi alipewa kikombe. Tena Bwana Blue aliwafundisha vijana weusi kazi ya kutunza maktaba, na waliofundishwa naye walikwenda kufanya kazi hiyo katika miji mingine ya kusini. Mwaka 1914 tawi la pili likafunguliwa. Alikufa mwaka 1935, na jumba lile la 1908 linasimama bado.

Je, tusifu kule kutengwa? Hasha. Kutengwa kulikuwa ni dharau. Tunachosifu ni watu waliopewa kidogo kwa dharau, wakakifanya kiwe kikubwa kwa bidii.

Sikukuu ya Wafalme Watatu

Twende sasa kaskazini, New York. Mwaka 1921 maktaba ya mji huo ilimwajiri Pura Belpré, msichana aliyetoka kisiwa cha Puerto Rico. Wakati ule watu wa kisiwa chake walikuwa wakihamia mtaa wa Harlem. Walisema Kihispania, na wengi wao walifikiri maktaba ni ya wasemao Kiingereza tu. Bibi Pura alitafuta rafuni hadithi alizosimuliwa na nyanya yake, asizione. Basi akaanza kuzisimulia mwenyewe, kwa Kihispania na kwa Kiingereza, na kuzichezesha kwa vikaragosi. Mwaka 1932 moja ya hadithi hizo ilitolewa katika kitabu.

Tena alileta maktabani sikukuu ya Wafalme Watatu, ile ya tarehe 6 Januari, ambayo watu wa kwao waliipenda sana. Wazazi walipoona sikukuu yao inaheshimiwa mle ndani, walijua kwamba nyumba ile ni yao pia. Alikufa mwaka 1982. Tangu mwaka 1996 kuna tuzo yenye jina lake kwa ajili ya vitabu vya watoto.

Vijana wanane wa Greenville

Huko kusini lakini milango ilikuwa bado imefungwa. Wakati wa likizo ya Noeli, mwisho wa mwaka 1959, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alirudi nyumbani Greenville, jimbo la South Carolina, akahitaji kitabu kwa masomo yake. Tawi dogo la watu weusi halikuwa nacho. Katika maktaba kubwa hakuruhusiwa kusoma. Jina lake Jesse Jackson, yule aliyejulikana baadaye duniani kote.

Likizo ya joto ikafika. Tarehe 16 Julai 1960, vijana wanane, yeye mmojawapo, waliingia katika maktaba kubwa wakakaa wasome. Hawakupiga kelele, hawakuvunja kitu. Walikamatwa na polisi. Shauri likapelekwa mahakamani. Mwezi wa Septemba wakubwa wa mji waliona heri kufunga maktaba zote mbili, ya weupe na ya weusi, kuliko kuwaweka wasomaji pamoja. Hebu fikirini: mji mzima unanyimwa vitabu ili mtoto mweusi asikae karibu na mweupe! Lakini watu walinung'unika, na baada ya siku zipatazo kumi na saba milango ikafunguliwa kwa wote.

Matunda yake

Mwaka 1978 mwalimu wa chuo kikuu, Barbara Heyns, alitoa kitabu juu ya watoto wa mji wa Atlanta. Aliona kwamba waliosoma vitabu sita au zaidi wakati wa joto waliendelea kuliko wasiosoma, wawe watoto wa matajiri au wa maskini. Tena waliokaa karibu na maktaba waliitumia zaidi. Wataalamu wanabishana hata leo juu ya kiasi ambacho mtoto husahau katika likizo, lakini hawabishani kwamba anayesoma hupata faida.

Siku hizi maktaba nyingi za Marekani hufanya masomo ya likizo kila mwaka, pamoja na nyimbo, kazi za mikono na michezo. Tena nyingine huwapa watoto chakula cha mchana, kwa sababu shule ikifungwa, na jiko la shule limefungwa. Mwenye njaa hasikii hadithi.

Basi, wasomaji wapenzi, tumeona nini? Maktaba haifunguliwi kwa ufunguo tu. Bibi Eastman aliwafungulia watoto kwa kuwaamini, watu wa Pittsburgh kwa kutembea, Bwana Blue kwa kuwafundisha wenzake, Bibi Pura kwa kuheshimu lugha ya nyumbani, na vijana wa Greenville kwa kukaa kitako na kusoma. Kwetu majumba ya vitabu ni machache, tunajua. Lakini sanduku la vitabu ishirini latosha kuanza, likiwa na mtu mmoja atakayekuja siku aliyosema. Haba na haba hujaza kibaba. Mwezi wa saba haukawii: sanduku litakaa nyumbani mwa nani?