Mabeki chipukizi wa Zanzibar

Mabeki chipukizi wa Zanzibar ni wachezaji vijana wa mpira wa miguu kutoka Unguja na Pemba wanaocheza nafasi za ulinzi. Kuwalinganisha na wenzao wa Tanzania Bara ni vigumu, kwa sababu Zanzibar si mwanachama wa FIFA na timu zake za vijana haziwezi kufuzu Kombe la Dunia.

Vigezo vya ulinganisho

Mshambuliaji hupimwa kwa mabao. Kazi ya beki haina hesabu rahisi: aliyesimama mahali sahihi huenda asihitaji kumnyang'anya mtu mpira. Beki wa timu dhaifu naye huokoa hatari nyingi kwa kuwa timu yake hushambuliwa mara nyingi. Kwa hiyo makocha hutazama pia kasi, mipira ya juu, pasi za kuanzisha mashambulizi na utulivu anapokabwa.

Umri nao huleta utata, kwani mabeki wengi hukomaa polepole. Hali hiyo ipo hata katika hoki ya barafuni. Mwaka 2017 klabu za ligi ya NHL zilimchagua beki Miro Heiskanen wa Finland katika nafasi ya tatu na Cale Makar wa Kanada katika nafasi ya nne. Heiskanen aliingia ligini mwaka 2018, Makar akabaki katika timu ya chuo kikuu hadi 2019. Lakini mwaka 2022 ni Makar aliyepata tuzo ya beki bora.

Njia mbili

Dickson Job na Ibrahim Hamad "Bacca" walikutana katika ulinzi wa Yanga baada ya kupita njia tofauti. Job, aliyezaliwa mwaka 2000, alikuwa nahodha wa Serengeti Boys katika Kombe la Afrika la vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon mwaka 2017. Alitoka Mtibwa Sugar akajiunga na Yanga mwaka 2021. Bacca alitoka KMKM, timu ya Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo cha Zanzibar, na kujiunga na Yanga mwaka 2022. Wote wawili walikuwa katika kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023.

Kabla yao, Nadir Haroub "Cannavaro" wa Yanga na Aggrey Morris wa Azam walichezea Zanzibar Heroes na pia Taifa Stars.

Nafasi za kuonekana

CAF iliipa Zanzibar uanachama kamili mwezi Machi 2017, kisha ikaufuta mwezi Julai mwaka huohuo. Zanzibar imebaki na mashindano ya CECAFA, na klabu zake hushiriki mashindano ya klabu ya CAF.

Kwa kijana wa Pemba, uwanja mkuu ni Gombani, mjini Chake Chake. Kombe la Mapinduzi, ambalo kwa kawaida huchezwa Unguja, lilifanyika hapo Januari 2025 kwa timu za taifa. Zanzibar Heroes waliifunga Burkina Faso 2–1 katika fainali. Mashindano ya aina hiyo huwapa makocha nafasi adimu ya kuwapima mabeki wa visiwani dhidi ya washambuliaji wa kimataifa bila wachezaji kuvuka bahari.