Kutoka Jahazini Mpaka Gereji: Nani Alimtua Fundi Mzigo?

Wadau, mnaokaa jirani na gereji picha hii mnaijua. Injini inaning'inia kwenye tawi la mwembe, vijana watano wameshika kamba, na chini yake kuna mtu anapiga kelele, "Shusha! Shusha kidogo!" Fundi mmoja wa mtaani kwetu ndiye alikuwa huyo wa chini, siku kamba ilipowaponyoka vijana. Leo anatembelea gongo. Lakini kazi hajaacha, na injini anazitoa peke yake. Anawezaje? Jibu lina historia yake, haya twende.

Watu wa pwani kuinua mzigo kwa kapi ni jambo la kawaida tangu enzi. Lile foromali la jahazi linalobeba tanga halipandi kwa ubavu wa mtu mmoja. Kamba inapita kwenye kapi, mabaharia wanavuta kwa pamoja, linapanda. Wagiriki nao, zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, walikuwa tayari wanapandisha mawe ya mahekalu kwa kamba na kapi. Baadaye Ulaya wakatengeneza magurudumu makubwa ya mbao, watu wanaingia ndani na kutembea, mzigo unapanda. Winchi la bandarini la namna hiyo lilijengwa Gdańsk, Poland, miaka ya 1440.

Shida ilikuwa ileile kila mahali: wavutaji wakichoka au wakiteleza, mzigo unarudi chini. Kwa hiyo ulihitaji watu wengi. Asiye na watu, hana winchi.

Mwaka 1854 Mwingereza mmoja wa upande wa Birmingham akaja na kitu kidogo tu. Alishikanisha magurudumu mawili juu, moja dogo kidogo kuliko mwenzake, akapitisha cheni moja isiyo na mwisho. Ukivuta, gurudumu kubwa linakusanya cheni huku dogo linaiachia. Tofauti yao ndiyo inayopandisha mzigo. Tuseme kubwa linashika pete 10 za cheni kwa mzunguko, dogo 9. Unavuta pete 10, mzigo unapanda nusu pete! Mwendo wa kobe, lakini kwa hesabu tupu nguvu yako imezidishwa mara 20.

Sasa sikia utamu wenyewe. Msuguano ndani ya kifaa kile ulikuwa unakula zaidi ya nusu ya nguvu unayotia. Utasema ni hasara, si ndiyo? Kumbe msuguano huohuo ndio ulioushika mzigo ukiachia mkono. Unafuta jasho, injini iko palepale. Hapo ndipo mtu mmoja alipopata winchi lake. Cheni bloku nyingi za leo zina giya na breki ndani, ila deni lao kwa yule bwana liko wazi.

Fundi wetu alijichomelea fremu ya vyuma vya mtumba: miguu ya herufi A pande mbili, boriti la chuma juu, na kitoroli cha magurudumu kinachotembea kwenye boriti kikiwa kimebeba cheni bloku. Cheni inashuka mpaka kiunoni, kwa hiyo anavuta akiwa amekaa kwenye stuli, gongo liko pembeni.

Ila jamani, msikimbilie kufunga cheni bloku kwenye kenchi za nyumba. Ile "tani 1" iliyoandikwa pale ni uwezo wa cheni bloku, siyo wa paa lako. Na boriti usilirefushe kwa tamaa. Ukiongeza urefu kati ya miguu mara mbili, kwa mzigo uleule wa katikati, boriti linapinda mara nane. Kabla ya kulitumia, mwite mtu anayejua hesabu za vyuma alikague.

Yeye mwenyewe ana desturi moja. Anainua sentimita chache, anasimama, anaangalia boriti, miguu na ndoano. Akiridhika ndiyo anaendelea. Na chini ya mzigo hapiti mtu, hata bosi mwenye gari.

Wewe mdau, gereji ya mtaani kwenu wanainuaje injini? Bado mwembe?