Mraba wa Namba Tisa: Historia ya Chati ya Nyota Zinazoruka

Juzi mteja mmoja aliniomba programu ndogo ya kuchora chati ya feng shui ya nyumba yake, ile ya "nyota zinazoruka". Nilidhani ni kazi ya wiki nzima, kumbe nikaimaliza kabla ya chai ya saa kumi. Kilichoninyima usingizi ni historia yake.

Kwanza tazama mraba huu, kusini ikiwa juu kama Wachina wanavyoichora:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Jumlisha upande wowote, hata kiulalo. Jibu ni 15. Wachina huuita Luo Shu, na hekaya yao inasema ulionekana mgongoni mwa kobe aliyetoka mto Luo. Ushahidi wa udongoni nao upo: mwaka 1977, huko Fuyang katika mkoa wa Anhui, kaburi la mwaka 165 kabla ya Kristo lilifukuliwa likiwa na ubao wa ramli wenye namba za mpangilio huu.

Mraba huu haukubaki China. Waarabu waliujua, na Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutaja kama kinga ya mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua. Namba za pembeni, 2, 4, 6 na 8, zikiandikwa kwa abjadi zinatoa neno "buduh".

Sasa, nyota "zinarukaje"? Fuata namba kutoka 5 ya katikati: 6 iko kaskazini magharibi, 7 magharibi, 8 kaskazini mashariki, 9 kusini, 1 kaskazini, 2 kusini magharibi, 3 mashariki na 4 kusini mashariki. Hiyo ndiyo njia. Weka namba nyingine katikati, pita njia ile ile ukiongeza moja moja, na ukifika 9 unarudi 1. Kwetu sisi waandishi wa programu hiyo ni modulo tu.

Namba ya katikati hutoka kwenye kalenda. Mzunguko wa miaka 180 umegawanywa vipindi tisa vya miaka 20. Mzunguko wa sasa ulianza mwaka 1864, na kipindi cha 9 kilianza 2024, kitaisha 2043. Nyota iliyoangukia mgongo wa nyumba na ile iliyoangukia uso wake nazo huwekwa katikati na kurushwa upya, ama mbele ama kinyume. Dira ina sehemu 24, kila moja nyuzi 15, na ndizo zinazoamua mwelekeo wa kuruka. Nyuzi chache tu zikikosewa, chati nzima inageuka. Kwa hiyo usipime karibu na mabati! Wachina walijua mapema kwamba sindano hudanganya: mwaka 1088 Shen Kuo aliandika kuwa haielekei kusini kamili.

Vipindi 9 mara sehemu 24 ni chati 216. Katika kila pande nane sehemu mbili kati ya tatu hufanana, kwa hiyo chati tofauti ni 144 tu. Zote zinaingia kwenye faili ndogo kuliko picha moja ya simu.

Lakini hesabu hii nyepesi ilifichwa kwa vizazi. Jiang Dahong, mwishoni mwa enzi ya Ming na mwanzoni mwa Qing, aliandika kwa mafumbo makusudi, na walimu waliomfuata wakanong'onezana siri. Shen Zhureng (1849–1906) ndiye aliyeifungua. Wafuasi wake husimulia kwamba alilipa fedha nyingi kuazima muswada wa ukoo mmoja, akaunakili usiku kucha. Baada ya kifo chake maelezo yake yalichapishwa, na leo yeyote anaweza kuyasoma. Huyo kwangu ni ndugu wa programu huria.

Na ukweli wake je? Hapa ndipo ninapoogopa. Mteja alipoona chati kwenye skrini, namba zimepangika vizuri, aliiamini zaidi kuliko angeiandika mzee kwa kalamu. Lakini programu yangu inathibitisha jambo moja tu: kwamba najua kujumlisha. Haijathibitisha kwamba 5 ikiangukia mlangoni huleta balaa. Nilimwambia hivyo kabla ya kupokea malipo yangu. Alicheka, akalipa, kisha akahamisha kitanda.

Tukutane wiki ijayo.